Mzee anataka twende Udzungwa masika kwa gari letu, watoto wamegoma

Shangazi,

Nakuamkia kwa heshima ya safu yako, ingawa nahisi kwa umri mimi ndiye mkubwa. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 62, naishi Tabata Segerea na mume wangu. Yeye ana miaka 67, alikuwa fundi mitambo, naye kastaafu. Tuna watoto watatu. Neema yuko Dodoma na familia yake, wa pili yuko Mwanza, na kitinda mimba tunaye hapahapa nyumbani, anauza duka la vipuri Kariakoo.

Baba Neema akiwa kijana, kabla hajanioa, alifanya kibarua Kidatu wakati wanaongeza mitambo ya umeme. Mpaka leo anasimulia jinsi milima ya Udzungwa ilivyokuwa inaamka na ukungu, na yeye kila wiki anajiambia Jumapili hii lazima nipande. Hakupanda. Kazi ikaisha, akarudi Dar, akaoa, tukaanza kulea. Sasa tangu mwaka jana habari ni moja tu: Udzungwa. Ameshapiga simu kwenye nyumba za wageni za Mang'ula, ameambiwa kuwa Aprili wageni hakuna na bei zinaongeleka. Amenunua buti. Amenunulia na mimi buti, Shangazi, bila hata kuniuliza navaa namba gani, na zimenitosha.

Mpango wake ni tutoke Ijumaa jioni wiki ya kwanza ya Aprili, jua likishapoa, kwa Noah yetu. Anasema jioni joto halimsumbui. Tulale Mikumi, kesho yake tuingie Mang'ula, tukae siku nne.

Watoto wamegoma. Neema alituma sauti ya dakika nzima kwenye grupu la familia: "Mama, masika watu wanasombwa na maji, ninyi ndiyo mnakwenda kutalii?" Wa Mwanza akasema kama ni mapumziko tu, atatulipia Zanzibar siku tatu, hotelini, chakula juu yake. Kitinda mimba alikaa kimya siku mbili, halafu akaandika kwamba Agosti ana likizo, tusubiri atuendeshe yeye. Baba Neema akajibu, "Mimi si gunia la mkaa la kupakiwa," akatoka kwenye grupu. Mtu wa miaka 67 ametoka kwenye grupu la familia. Hadi leo hajarudi, na mimi ndiye nafikisha salamu huku na huku.

Maneno mengine ni ya nje. Mama mmoja wa jumuiya yetu kaniuliza kama tumeishiwa ndugu wa kuwatembelea hadi tunakwenda kutazama nyani. Nilicheka naye, ila liliniuma.

Mimi mwenyewe nataka kwenda. Nilisimama ubaoni maisha yangu yote nikiwafundisha watoto milima ya Tanzania, na sijakanyaga hata mmoja. Lakini magoti yangu si ya kuaminika, na wote wawili tuna presha. Yeye katika dawa zake kuna ile ya kumfanya akojoe, na siku ya safari huwa haimezi ili asisumbue watu njiani.

Jambo la mwisho, na sijui hata kama linahusika. Januari tulikuwa tunatoka harusini Bunju usiku. Baba Neema alipita tuta kana kwamba halipo, tukaruka wote. Mbele kidogo likaja lori na taa zake, gari letu likaanza kuvutwa pembeni hadi nikapiga kelele. Akasimama, akafuta macho, akasema taa za magari ya siku hizi ni kali mno. Watoto hawajui. (Leseni hata mimi ninayo, lakini gari nalifikisha sokoni na kanisani tu.)

Nimzuie, nimfuate, au niwaachie watoto waamue?

Mwalimu Mstaafu, Segerea

---

Mwalimu, shikamoo. Ya kwako siipokei, nakurudishia.

Naanzia mwisho wa barua yako, pale ulipoandika kwamba hujui kama linahusika. Mengine yote uliyoyataja, bei, magoti, mama wa jumuiya, hata mvua, tungeweza kuyamaliza kwa nusu ukurasa. Watoto wanagombana na mvua kwa sababu ndiyo wanayoiona. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa kwenye kile kiti usiku ule, na umekaa na hiyo siri tangu Januari.

Ulichokieleza kina sura inayofahamika. Mtu anaona vizuri mchana, anasoma gazeti, anaendesha bila shida hadi jua linapozama. Usiku taa za mbele zinatawanyika machoni kama zimepigwa kwenye kioo kichafu, na tuta halionekani mpaka tairi lilipande. Huenda ni mtoto wa jicho, ambapo lenzi iliyo ndani ya jicho inaingia ukungu polepole kadiri umri unavyokwenda. Huenda ni miwani tu iliyopitwa na wakati. Na ipo presha ya macho, ambayo haiumi na haijitangazi, inakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, na ilichokula hakirudi. Mimi si daktari wa kukwambia ni ipi. Ila ona kwamba mumeo hadanganyi anaposema taa ni kali. Ndivyo anavyoziona. Kwa hiyo usimwendee kama mtu uliyemfumania.

Macho yapimwe kabla ya kuchagua tarehe. Hapo Dar mko karibu na huduma kuliko Watanzania wengi: kuna CCBRT Msasani, kuna Muhimbili. Ikiwa ni mtoto wa jicho, lenzi yenye ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Baada ya hapo daktari ndiye atakayesema lini ashike usukani tena. Hata kama itabidi msubiri hadi mwishoni mwa mwaka, milima ile haihami.

Sasa utamwambiaje? Najua kuna wasomaji wanaotarajia nikupe ujanja: jifanye miwani yako wewe ndiyo imechoka, muombe akusindikize, mkifika huko umsukumie kitini. Sikushauri. Mmekaa pamoja miaka mingi mno, ataunusa ujanja huo kabla hamjafika Tazara. Na akishajua umemzunguka, atakuweka kundi moja na watoto, na wewe huna grupu la kutoka. Mwambie waziwazi. Asubuhi, mkiwa wawili, chai iko mezani, gari limezimwa. Mwambie maneno ya usiku ule jinsi yalivyokuwa: "Baba Neema, siku tuliyotoka Bunju niliogopa, na nimenyamaza kwa sababu sikutaka watoto wapate la kusema. Udzungwa nataka twende. Nataka kwanza tukapime macho." Halafu nyamaza, umwache ajibu. Akikasirika, mwache akasirike hadi jioni. Usiongeze la mvua, usiongeze la pesa, wala la umri wake. Ukichanganya, atachagua kubishana na lile jepesi na la macho litapotelea humo.

Na usilitumie suala hili kufuta safari. Ukimwambia "kwa hiyo hatuendi," umemfundisha kwamba kusema ukweli kuhusu mwili wake kunamnyang'anya vitu. Wazee wengi wanaficha maradhi kwa hofu hiyohiyo tu.

Nije kwenye mabano yako. Mwalimu, umeificha leseni ndani ya mabano! Kuna mtu wa pili ndani ya Noah hiyo mwenye kibali halali cha kuendesha, na barua nzima amekaa kushoto akishika mkoba. Mnaambizana kwamba dereva ni ama Baba Neema ama kitinda mimba wa Agosti, kumbe dereva wa tatu ndiye anayeandika barua.

Sikwambii ukurupuke na barabara kuu kesho. Nakwambia kuanzia wiki ijayo, siku za kazi asubuhi, mpite Kinyerezi hadi Mbezi, wewe ukiwa kwenye usukani na yeye pembeni. Ukizoea, fikeni Kibaha. Ukizoea zaidi, Chalinze, mnywe chai, mrudi. Mwache akufundishe namna ya kulipita lori lenye tela, na namna ya kuacha kulipita pale ambapo huoni mbele. Anazijua barabara, na mtu aliyestaafu hufurahi kupata mwanafunzi. Zaidi ya hapo, ukimpokea usukani utakuwa umempokea kama mwenzake, jambo ambalo mtoto hawezi kulifanya hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Tuje kwenye mvua, maana Neema naye hana wazimu. Aprili ndiyo kifua cha masika. Mwaka 2024 mwezi huohuo, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wameshakufa kwa mafuriko na maporomoko nchini, na bonde la Kilombero lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofunikwa na maji. Mang'ula iko ukingoni mwa bonde hilo. Njia za ndani ya hifadhi ni za miguu peke yake, zina mawe na mizizi, na kwenye mteremko uliolowa goti bovu hudai deni lake lote kwa siku moja. Hapo nakubaliana na binti yenu.

Sikubaliani naye kwamba jibu ni Agosti au Zanzibar. Kati ya Aprili na Agosti kuna wiki ambazo watu wa utalii wanazijua na wengi wetu hatuziangalii: zile za mwisho wa Mei. Mvua inakuwa inaondoka, mito bado imejaa, maporomoko yanapiga kelele kama inavyotakiwa, na msimu wa wageni wengi unaanza Juni, kwa hiyo nyumba za kulala bado zinapatana. Mstaafu hana sababu ya kusafiri Pasaka wala mwisho wa wiki. Tokeni Jumanne. Siku chache kabla, someni utabiri wa siku kumi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ukisema mvua kubwa Morogoro, sogezeni wiki moja mbele.

Kuhusu unafuu anaouhesabia mzee, mwambie atazame vizuri uko wapi. Uko kwenye malazi. Getini, raia wa Tanzania analipa kwa shilingi kiingilio ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na anacholipa mgeni, masika au kiangazi, hivyo hakuna haja ya kukimbilia mafuriko kwa ajili ya geti. Bebeni vitambulisho vya NIDA. Msitegemee kulipa taslimu. Hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zinapokea kwa namba ya malipo, kwa simu au kadi. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, na mwongozaji analipiwa pembeni, kwa hiyo siku nne alizopanga si lazima zote ziwe za ndani. Mbili zinatosha, nyingine ni za kukaa kwenye kibaraza.

Ule mpango wa kutoka Ijumaa jioni ufutwe hata kama macho yake yatakutwa kama ya mwewe. Hesabu mwenyewe: mkitoka Segerea saa kumi na moja jioni, mnaingia kwenye foleni ya watu wote wanaorudi Mbezi na Kibaha, giza linawakuta mkiwa Mlandizi au karibu yake, na Mikumi iko zaidi ya kilomita 200 mbele. Malori ya Zambia na Kongo yako barabarani usiku kucha. Halafu, mkiwa mmechoka kabisa, ndipo mnafika kile kipande cha kilomita 50 ambapo barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Usiku wanyama hutoka kwenye nyasi wakasimama juu ya lami, na nyati mweusi kwenye lami nyeusi hata kijana wa miaka 25 anamwona akiwa ameshachelewa. Kugonga mnyama humo kuna faini, ukiacha gari na nyinyi wenyewe.

Tokeni saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo mji mzima unaingia, nyinyi mnatoka, Kimara yote iko upande wa pili. Chai Chalinze. Morogoro mtafika mapema, na hapo nawashauri jambo ambalo Baba Neema ataliona la kizembe: laleni. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na kutoka hapo hadi Mang'ula ni karibu nyingine kama hizo. Kwa watu wawili wenye presha, kugawa safari katikati ni bei ya chumba kimoja.

Siku ya pili ondokeni saa mbili, mkishakunywa chai kwa raha. Mkipita Doma, hifadhi inaanza, na hapo mwendo ni wa vibao na matuta. Mtaona twiga na swala bila kulipa senti, mradi mnapita tu na hamteremki. Nyani wa barabarani msiwape kitu, wameshaharibiwa na ndizi za abiria. Mikumi mjini mnapinda kushoto kuelekea Kidatu. Nadhani hapa ndipo wewe ushike usukani: magari ni machache, na malori ya miwa hupungua wakati wa masika viwanda vya sukari vinaposimama. Barabara ambayo mumeo anaikumbuka kwa tope haipo tena. Kutoka Kidatu kwenda Ifakara sasa ni lami, na wamejenga hata njia ya chini ili tembo wapite kutoka mlimani kwenda bondeni bila kukutana na magari. Yeye awe huru kutazama dirishani. Pale Mto Ruaha Mkuu simamisheni gari mahali salama, akuonyeshe. Kituo alichobebea zege kina megawati 204, na kwa miaka mingi hakuna cha maji kilichokizidi nchini hadi lilipokuja Bwawa la Nyerere. Mtu aliyeshiriki kazi hiyo ana haki ya kukusumbua na hadithi zake kwa nusu saa.

Ikiwa daktari atamkataza usukani na wewe ukajiona bado, treni ya SGR ipo. Tangu Juni 2024 inabeba abiria hadi Morogoro, na haichukui saa mbili. Kutoka hapo kodini gari lenye dereva. Atanung'unika hadi Pugu.

Hifadhini kwenyewe. Alipokuwa kibarua, pale palikuwa misitu ya akiba. Hifadhi ya taifa imetangazwa mwaka 1992, kwa hiyo hata angepanda Jumapili ile, angepanda mahali tofauti na mtakapoingia nyinyi. Hakuna gari linaloingia ndani. Kila kitu ni kwa miguu na mwongozaji, kwa sababu tembo na nyati wamo. Jambo hili linawafaa wazee kuliko linavyosikika, maana mwendo mnaupanga nyinyi, hakuna basi la watalii linalowapigia honi.

Siku ya kwanza nendeni maporomoko madogo ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu ya hifadhi. Ni matembezi mafupi, na ndiyo mtihani wa goti lako. Tazama linavyokuambia wakati wa kushuka, usilisikilize wakati wa kupanda. Likiridhika, siku inayofuata ni Sanje. Maji yale yanaanguka kiasi cha mita 170, kwa ngazi, na kuyafikia ni kupanda hasa: wekeni asubuhi nzima, tokeni mapema, kila mtu na fimbo yake, na mwambieni mwongozaji tangu mwanzo kwamba mna presha. Usione haya kusimama kila kona. Likikataa goti, kaa chini na yeye aende na mwongozaji, umempa Jumapili yake. Vile vilele vya kulala msituni siku kadhaa, Mwanihana na Luhombero, akianza kuvitaja badilisha mazungumzo.

Na mkiwa na bahati mtakutana na wale nyani wanaomchekesha mama wa jumuiya. Yupo mbega mwekundu wa Udzungwa, anayeruka juu ya vichwa vya watu hata jirani na ofisi za hifadhi. Yupo mangabe wa Sanje, ambaye wenyeji walikuwa wanamsikia akilia siku zote lakini wanasayansi walikuwa hawamjui hadi mwaka 1979. Dunia nzima hawapatikani nje ya safu hiyo na misitu iliyo jirani yake. Wazungu wanavuka bahari kuwaona, na wewe uko mwendo wa siku moja. Ukirudi mpelekee yule mama picha, kwa upendo wote.

Dawa ya kukojoa asiiache kienyeji. Amuulize daktari wake kama inaweza kusogezwa saa siku ya safari. Madaktari wengi huulizwa hilo, hataonekana mshamba. Vituo vya mafuta vya Chalinze na Morogoro vina vyoo, na hakuna anayewafukuza. Bonde la Kilombero lina malaria ya kweli, ndiyo maana watafiti wa Ifakara wamejenga jina kwa kuchunguza mbu wa pale. Nguo za mikono mirefu jioni, dawa ya kujipaka, chandarua hata kama mwenye nyumba anasema hapa kwake hakuna mbu. Homa yoyote katika wiki za baada ya kurudi, mkapime. Likitokea la ghafla, Mikumi kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito na Ifakara kuna ya Mtakatifu Fransisko. Andika hayo kwenye karatasi, usitegemee simu yenye chaji.

Gari: breki, tairi likiwemo la akiba, na waipa. Fundi alione wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia safari.

Watoto wamebaki. Zanzibar ya kijana wa Mwanza ipokeeni kwa mikono miwili, mwambieni mtakwenda Desemba. Kitinda mimba mpe kazi ya kulipeleka gari kwa fundi, maana yuko kwenye vipuri, na moyoni anataka tu kuhusishwa. Neema anahitaji kusikia mambo mawili kutoka kwako, kwamba baba yake amepimwa macho na kwamba hamsafiri usiku. La usiku wa Bunju liko juu ya Baba Neema kulisema au kutolisema. Ruhusa lakini usiiombe. Mliwasomesha, mkawaoza, pesa ni ya pensheni yenu. Ratiba yenye majina ya mnapolala tuma kwenye grupu jioni ya kuamkia safari, siyo wiki mbili kabla, halafu zima data ulale, saa kumi na moja si mbali.

Shangazi